Nishushe Kivukoni

Jumapili jioni, 4 Februari

Baba yangu,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe ya kukagua fukwe zote zinazofikika kwa basi, natangaza rasmi kwamba leo bahari haikuwepo.

Shikamoo. Natumaini goti limepumzika, na kwamba wewe umeliruhusu lipumzike, maana najua hayo ni mambo mawili. Mimi mzima, ila nina matope mpaka sehemu ambazo matope hayana shughuli.

Nilifanya kama tulivyokubaliana. Nilipanda basi mbele ya kiwanda chetu cha kufulia, nikapata kiti cha dirishani, nikashuka mwisho wa njia na kutembea kidogo kwenye barabara yenye kivuli. Mpaka hapo nilikuwa nimeshakuchagulia hata mahali pa kutundika kofia. Nikatokeza. Kulikuwa na benchi, kulikuwa na miti, halafu matope, halafu matope mengine, na kule mbali kabisa kitu chembamba kinachong'aa kama ukingo wa sahani.

Kulikuwa na mtu anachimba chambo. Nikamwuliza, "Samahani kaka, bahari iko wapi?"

Akaniangalia kama nimemwuliza mke wake yuko wapi. "Imetoka."

"Inarudi?"

"Kila siku. Ina adabu kuliko wengi."

"Saa ngapi?"

"Jioni jioni. Ukiona imechelewa, ujue wewe ndiye uliyewahi."

Sasa basi la mwisho la kurudi mjini linaondoka mchana, kabla bahari haijaingia. Ufukwe ule unamfaa mtu mwenye basi lake au mwenye bahari yake.

Lakini usidhani nimekata tamaa. Maneno yako nimeyabandika kichwani: "Nionyeshe ufukwe mmoja ambao naweza kwenda mwenyewe kwa basi na kurudi mwenyewe kwa basi, nami nahamia kwako. Ukikosa, nakwenda milimani kwa ba'mdogo wako." Mwenye nyumba wako anataka chumba chake mwisho wa Aprili. Muda upo. Na chumba cha nyuma nimeshakitoa ndoo na mabeseni, kimebaki kitupu kinakusubiri wewe.

Mkaguzi wako,
Binti yako

*

Ijumaa, 9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linarudisha salamu. Mimi mzima, isipokuwa uzee, na huo nao mzima kabisa. Barua yako imeletwa na dereva wa basi, ambaye aliikalia njia nzima, kwa hiyo imefika imenyooka kama mashuka ya hotelini unayoyapiga pasi.

Ripoti nimeisoma mara mbili. Mara ya pili kwa sauti, kwa sababu jirani alikuwa anasoma juu ya bega langu na nikaona anapata shida. Uliwahi kuniuliza kwa nini tusizungumze kwa simu ya huyo jirani. Ndiyo sababu hiyo. Juzi mwenye nyumba alipiga kuniulizia, jirani akapokea, akaulizwa hali yangu, akaieleza, akaulizwa nahama lini, akajibu, wakaagana. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo nasikiliza maisha yangu.

Sasa sikiliza, maana naona kama unadhani nadeka. Kwa ba'mdogo wako hakuna ubaya. Chakula kipo, kitanda kipo, na gari lipo. Tatizo ni hilo gari. Kule basi halifiki. Mwaka juzi nilikaa kwake wiki chache; nikitaka kunyoa nywele nasubiri gari lipate hamu. Nikitaka kununua betri za redio, familia nzima inakaa kikao. Nikisema nataka tu kutembea, ananiuliza "Kwenda wapi?" kwa sauti ile ambayo mimi nilikuwa namwuliza yeye akiwa mtoto. Sikuzeeka ili nirudi huko.

Na kuhusu bahari, sikuwahi kukueleza. Mwaka ule tulipopelekwa mjini kuchora barabara kuu, mimi ndiye niliyepewa mstari wa katikati wa barabara iendayo baharini. Siku nzima nimeinama, narudi nyuma, nachora. Rangi ikaisha hatujaiona bahari. Msimamizi akatupakia kwenye lori, tukarudishwa. Maisha yangu yote nimeyapitisha juu ya lami nikiwagawa watu: wewe huku, wewe kule. Nataka nikae mbele ya kitu kipana ambacho hakuna mtu anayetakiwa kukichorea mstari katikati.

Kwa hiyo endelea kukagua. Bahari iwepo, hilo nadhani tumelielewa sote. Na choo. Choo usikisahau, na kiwe na komeo.

Baba yako

*

Jumapili jioni, 18 Februari

Baba,

Shikamoo, pamoja na jirani, maana najua yupo hapo begani. Shikamoo jirani.

Hali yangu nzuri, ila heshima imepungua. Leo nimekwenda sehemu mbili na nimefukuzwa sehemu moja na nusu.

Basi la kwanza lilikuwa limeandikwa UFUKWENI kwa herufi kubwa, na chini yake mchoro wa wimbi. Ukishaona wimbi unauliza nini tena? Nikapanda. Wasiwasi ulianza tulipopita kiwanda cha mabati. Ukazidi pale abiria mmoja alipopandisha mlango. Mlango wa nyumba, baba, na bawaba zake. Mwisho wa njia watu wote wakashuka, nami nikajikuta katikati ya uwanja wa mbao na milango ya mitumba.

Nikamfuata kondakta. "Kaka, ufukwe uko wapi?"

"Ndio hapa."

"Hapa ni mbao."

"Panaitwa Ufukweni."

"Lakini hakuna hata tone la maji!"

"Dada," akasema, akaweka mkono kifuani, "mimi naitwa Tajiri. Niangalie vizuri."

Nilimwangalia. Viatu vyake havikuwa vya jozi moja. Mama mmoja muuza misumari akanionea huruma, akanieleza kwamba zamani palikuwa na baa inaitwa Ufukweni; baa ikavunjwa, jina likawa halina pa kwenda likabaki kituoni. Wenyeji wote wanajua. Ni mimi tu na wimbi langu.

Nikasema siku isiharibike. Nikabadilisha mabasi, nikaenda upande wa mahoteli. Kule bahari ipo, unaisikia kabisa, ila kila njia ya kuifikia ina geti, na kila geti lina mlinzi, na wangu alikuwa na filimbi.

"Mgeni wa hoteli?"

"Hapana."

"Una miadi?"

"Na bahari."

"Haijaniambia."

Nikaona nitumie cheo. Nikamwonyesha kupitia geti. "Zile taulo kwenye viti, zenye mstari wa kijani, nimezipiga pasi mimi mwenyewe juzi."

Akageuka akaziangalia muda mrefu, kwa heshima zote. "Kazi nzuri," akasema. "Sasa rudi."

Hapo mtu alikuwa amejifutia miguu kwa ile taulo ya mwisho wa safu, na nikaona doa ambalo Jumanne litakuwa mikononi mwangu. Hiyo ndiyo bahari niliyoiona leo.

Nisubiri kidogo.

Binti yako

*

Alhamisi, 22 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na jirani naye kaitikia. Tumecheka kwa yule Tajiri mpaka mke wa jirani akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Alipokuwa ameingia akatumia nafasi hiyo kupima dirisha langu kwa mkono. Anasema ni kwa ajili ya pazia. Pazia la nani, hakusema.

Baada ya kucheka nikakaa nikafikiri, na sikulala vizuri.

Ba'mdogo wako ameandika. Anasema atakuja na gari siku ya mwisho ya Aprili kunichukua. Hakuuliza. Ametaja tu, kama daktari anavyokutajia siku ya kung'oa jino.

Na wewe, mara bahari imetoka, mara ni mbao, mara ni filimbi. Mwanangu, nimefanya kazi serikalini. Naijua ripoti ya mtu anayetafuta, na naijua ripoti ya mtu anayeomba asipate. Zote mbili huandikwa vizuri. Ile ya pili huwa inachekesha zaidi.

Kama chumba cha nyuma ni kidogo, sema. Kama umezoea kukaa peke yako, sema. Sitakasirika. Nitanyamaza tu, na unajua nikinyamaza ninavyokuwa.

Baba yako

*

Jumatatu, 19 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo na goti halijambo.

Najua nimekaa kimya karibu mwezi. Kila nilipoanza kukujibu, kalamu iliandika maneno ambayo mtoto hamwandikii mzazi. Nikachana. Sasa karatasi za hasira zimeisha, nimebaki na hizi za kawaida.

Nikueleze ninavyokaa. Natoka kazini masikio bado yana mvuke. Naingia ndani, nabandika birika, likianza kulia nalijibu. Juzi nililiambia "Nakuja, usinipigie kelele," mpangaji wa chumba cha pili akanipa pole, akidhani nimeolewa. Nataka uje, baba. Nimeandika wazi ili usitafute maana nyingine chini yake.

Na ufukwe nimeupata.

Nimekwenda Jumapili mbili mfululizo ili nisije nikaambiwa nimeota. Bahari ipo asubuhi, ipo mchana, ikitoka inatoka kidogo tu, kama mtu anayekwenda dirishani na kurudi. Kivuli kipo, na benchi lenye mgongo. Choo kipo, kina mlango, mlango una komeo, na mama anayekitunza anakuita "mteja" kwa sauti ambayo inakufanya usimame wima. Hakuna geti wala filimbi. Mabasi yapo mpaka giza linaingia.

Njia yenyewe mtoto mdogo hawezi kupotea. Kutoka kwenu ni basi moja tu, lile lile la barua, halafu tunavuka. Ukishaingia mjini mwambie kondakta: "Nishushe kivukoni." Hayo tu. Mimi nitakuwa nimesimama hapo hapo tangu asubuhi. Tukivuka, ufukwe unauona.

Njoo Jumapili hii, tarehe 25. Vaa kofia.

Binti yako anayekutaka

*

Jumatatu, 26 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijui hali yako na ndicho kinachoniumiza.

Jana nimesimama kivukoni tangu asubuhi. Kila basi lililofika nililikimbilia. Nimewapokea wazee wa watu wengine mpaka mmoja akanipa mzigo wake nimbebee. Mchana ukaisha, giza likaingia. Mwisho nikaingia kwenye kibanda cha simu nikampigia jirani.

Akapokea yeye, bila shaka. "Mzee yuko salama," akasema. "Amerudi, amekasirika, na mimi namuunga mkono."

"Amerudi kutoka wapi?"

"Kivukoni."

"Mimi ndiye niliyekuwa kivukoni!"

Nikasikia ananong'ona na mtu. Akarudi. "Mzee naye anasema hivyo hivyo. Kwa hiyo mmoja wenu anadanganya, na mzee ana umri mkubwa." Akakata.

Baba, sijawahi kukudanganya jambo kubwa. Nieleze ulikuwa wapi.

Binti yako

*

Jumatatu, 26 Machi

Mwanangu,

Salamu nimeziandika kwa sababu ndiyo desturi ya barua. Zichukue.

Nilipata barua yako Ijumaa, nikaifurahia kuliko nitakavyokubali. Jumapili nikanyoa ndevu, nikavaa kofia, nikapanda basi la alfajiri. Tulipoingia mjini nikamwambia kondakta, "Nishushe kivukoni." Akasema, "Kaa tu mzee, bado." Nikakaa. Mara nakiona kinapita dirishani! Nikapiga kelele, "Shusha! Kivuko hiki hapa!"

"Mzee, kivukoni bado mbali."

"Kijana, kivuko hiki nakijua kuliko wewe. Nimekichora mimi."

Akaniangalia, akamwangalia dereva, nikashushwa.

Nilisimama pale, mwanangu, na nakwambia kweli nilikuwa na furaha. Nilisema, huyu mtoto ana akili. Katika mji mzima amenitafutia kivuko changu mwenyewe, kile cha karibu na kituo cha mafuta, nilichokichora wakati yeye anaanza shule. Nikasema mtu anayefikiria hivyo, hata chumba chake kikiwa kama kabati, nitakaa.

Nikasubiri. Rangi yenyewe imechakaa, haijaguswa tangu mkono wangu. Magari hayasimami. Kulikuwa na mama mwenye godoro kichwani, amekwama kando ya barabara kama mti. Nikainua mkono tu, ule wa zamani, wa kazini. Likasimama lori, yakasimama na mengine nyuma yake. Mama akavuka. Baada ya hapo watu wakaanza kuja kupanga foleni kwangu.

Muuza viatu wa pale akanipa kigoda. "Mzee, unamsubiri nani?"

"Binti yangu."

"Mnakwenda wapi?"

"Baharini."

"Kwa kupitia hapa?"

"Ameniambia tukivuka tunauona ufukwe."

Akatazama ng'ambo, akanitazama mimi. "Mzee wangu, hapa ukivuka unaona duka la dawa."

Nilivuka kuhakikisha. Ni duka la dawa.

Nikakaa mpaka jua likapungua. Halafu nikapanda basi nikarudi. Sikuuliza njia kwa mtu, kwa sababu sikutaka mtu anione usoni.

Kama ulikuwa unanikataa, ungenikatalia kwa barua. Usingenisimamisha barabarani kama alama. Nimemwandikia ba'mdogo wako kwamba siku aliyotaja inafaa.

Baba yako

*

Ijumaa, 30 Machi

Baba, baba, baba,

Shikamoo mara tatu.

Barua yako nimeisomea kazini, nimekaa juu ya furushi la mashuka. Nilipofika kwenye duka la dawa nikaanza kutikisika. Msimamizi alidhani nimefiwa, akanipa ruhusa ya nusu siku. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na ruhusa nimeichukua.

Kivuko ni chombo, baba! Ni kile kitu kikubwa cha chuma kinachobeba watu, magari na mbuzi kuwapeleka ng'ambo ya maji. Watu wote hapa mjini wakisema kivukoni wanamaanisha bandarini, kinapofunga. Hapo ndipo nilipokuwa, nyuma ya kamba, nanyoosha shingo. Hicho chako cha mistari hapa wanakiita pundamilia. Neno lile lile, sehemu mbili, na sisi wawili tumesimama kila mmoja kwenye lake siku nzima tukilaumiana.

Ile akili uliyonisifia, ya kukutafutia kivuko chako mwenyewe, ningependa sana iwe yangu. Si yangu. Nilikuwa nawaza maji tu. Sikujua hata kama kipo.

Tafadhali mwandikie ba'mdogo tena. Njoo Jumapili ya tarehe 8. Usishuke popote mpaka unyevu ukuguse uso. Kama hutaki, nitakuja mimi kukufuata na kukushika mkono.

Binti yako wa kivuko kingine

*

Jumanne, 3 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, zote tatu.

Suala lako la kivuko nimelipeleka kwa jirani ili tupate mtu asiye na upande. Amesema wewe uko sahihi. Nimemnyima chai.

Msimamo wangu ni huu. Serikali imenilipa mshahara ujana wangu wote nikichora vivuko, na hakuna hata siku moja niliyotumwa kuchora chombo. Lugha inalo neno feri. Limekaa bure, halina kazi. Ungelitumia, ningekuwa nimeshaiona bahari na wewe ungekuwa hujambebea mtu mzigo. Hata hivyo nakiri kwamba kondakta alisema "bado", na kwamba alilisema mara mbili.

Barua niliyomwandikia ba'mdogo wako bado iko mfukoni mwa dereva. Alisahau kuipeleka posta. Nimemwambia aendelee kusahau mpaka Jumatatu.

Nitakuja tarehe 8. Lakini kwa masharti. Mkono hunishiki. Ukinifuata huku kunichukua, sishuki kitandani. Tutakutana hapo kwenye chombo chako, tutavuka, nitaiangalia hiyo bahari. Wakati wa kurudi tutaagana hapo bandarini, wewe uende kwako, mimi nitajitafutia mwenyewe basi la mjini mpaka stendi ya mabasi ya mbali, maana jioni basi letu huondokea huko. Huko ndiko nitakakojua kama naweza kuishi kwako. Bahari ni nyongeza.

Baba yako

*

Jumanne, 10 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, goti halijambo, hata jirani amesamehewa na amekunywa chai mbili.

Nianze na bahari, maana najua mkaguzi anataka ripoti. Ilikuwepo. Ni pana kama nilivyotegemea na haina mstari popote, nimeikagua pande zote. Chombo chenu kile ni kizuri, ingawa mistari ya kupangia magari kwenye sakafu yake imechorwa na mtu aliyekuwa na haraka. Komeo la choo linafanya kazi. Yule mama aliniita "mteja" na nikasimama wima kama ulivyosema. Ulininunulia maji, ukaniacha nikae. Nilikuona ukinitazama kuona kama nitalia. Ulikuwa ni upepo.

Sasa nije kwenye kurudi. Tuliagana bandarini. Ukanipungia mkono kwa bidii, kama mtu anayetaka mashahidi. Nikapanda basi la mjini. Kituo cha pili nikageuka, nikakuona umekaa nyuma kabisa, umejificha nyuma ya mama mwenye mwavuli. Mama akaukunja mwavuli, ukabaki umejificha nyuma ya hewa. Nikageuza uso. Nikasema, acha nione.

Stendi nilipitiliza, mwanangu. Nilikuwa natazama majengo nikapitiliza. Nilijua, na nilijua kwamba wewe umejua. Nikawa nasubiri sauti yako: "Baba, ni hapa!" Ba'mdogo wako angesimamisha basi, angesimamisha na mengine, angepiga simu. Nikashuka kituo kilichofuata, nikasimama, nikafikiri, nikarudi kwa miguu. Nilichukua kona moja vibaya. Nikairekebisha. Nikafika stendi, nikapata kiti. Na muda wote huo ulikuwa upande wa pili wa barabara, unatembea taratibu kwa sababu mimi natembea taratibu, umejiziba mdomo kwa mkono wako mwenyewe ili usiniite.

Jirani ananiuliza kwa nini nafuta miwani. Nimemwambia aangalie barua zake.

Nimeichukua ile barua kwa dereva na kuichana. Nimemwandikia ba'mdogo wako nyingine, kwamba gari lake lipumzike. Nakuja kwako Jumamosi ya tarehe 28 kwa basi la alfajiri. Usije kunipokea. Najua pa kushukia.

Kuhusu ufukwe, asante sana kwa kazi uliyofanya. Huko tutakwenda mara moja moja, ukipenda wewe.

Mimi sipendi mchanga.

Baba yako